Mbuzi Anazunguka Mahali Pamoja: Ufanye Nini, na Kichwa Chake Ukipeleke Wapi

Ukimwona mbuzi wako anazunguka upande mmoja, amejitenga na wenzake, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza kitu, usikimbilie duka la dawa. Mimi nilikimbilia. Nilinunua chupa ya ivermektini, dawa ya minyoo, nikamchoma sindano, wiki iliyofuata nikamchoma nyingine, na mbuzi akazidi kuzunguka mpaka akaacha njia yake nyeupe kwenye vumbi la uwanja, duara kamili. Nilipochoka nikamchinja. Nyama tulikula, kichwa kikapasuliwa kwa shoka, na ubongo wenye kifuko cha maji nikamtupia mbwa wetu aliyekuwa akilinda zizi usiku. Nilidhani nimempa zawadi. Miezi michache baadaye walianza kuzunguka wengine.

Bwana mifugo alipokuja hakuniuliza nimetoa dawa gani. Aliuliza, "Mjomba, kichwa cha yule wa kwanza ulikipeleka wapi?"

Swali hilo ndilo mwongozo wote huu. Hatua nyingine nimeziandika kwa sababu mfugaji anahitaji kujua afanye nini leo kwa mbuzi aliye mbele yake, lakini asiyejibu swali la kichwa atachinja mbuzi mmoja mmoja mpaka zizi liishe.

Ugonjwa wenyewe

Huku Mkinga, mkoani Tanga, na kwa wenzetu wa Muheza, Handeni na Kilindi, tunauita kizunguzungu. Wamasai wana jina ormilo, ambalo wanalitumia pia kwa ng'ombe aliyepandwa kichwani na ugonjwa wa kupe. Wapo wanaosema mbuzi kapagawa, au kuna jicho la mtu limeingia zizini. Siwacheki. Mbuzi aliyekuwa mzima juzi, leo anagonga kichwa ukutani na kutazama mahali pasipo na kitu, anatisha. Lakini kilichomo kichwani kinaonekana kwa macho ukipasua fuvu.

Kinatokana na tegu, mnyoo bapa anayeishi kwenye utumbo mdogo wa mbwa. Akikomaa anafikia urefu wa nusu mita hata mita moja, na mbwa mwenyewe unamwona mzima tu, anabweka na kula. Vipande vya tegu vyenye maelfu ya mayai hutoka na kinyesi, mayai husambaa kwenye majani na maji. Mbuzi akiyameza, kijidudu hutoka kwenye yai, hutoboa utumbo, huingia kwenye damu. Wanaofika kwenye ubongo au uti wa mgongo ndio wanaoendelea kukua.

Hapo ugonjwa una sura mbili, na wengi tunaijua ya pili tu. Ya kwanza hutokea siku kumi hivi hadi wiki chache baada ya kumeza mayai mengi kwa mpigo. Vijidudu vinachimba njia ndani ya ubongo, ubongo unavimba, na kitoto cha mbuzi kinapata homa, kinapepesuka, kinashikwa na degedege, na kinaweza kufa ndani ya siku chache kabla hata hakijazunguka. Vitoto kama hivi tunavizika tukisema ni homa tu. Sura ya pili ni ya polepole: kijidudu kimoja au viwili vinageuka kifuko cha maji, kinakua kwa miezi miwili mpaka sita, pengine hata minane, kikisukuma ubongo pembeni. Mara nyingi unawakuta nayo mbuzi wa kati ya miezi sita na miaka miwili. Wakubwa wamekwisha kujenga kinga.

Hatua ya kwanza: mtazame kabla ya kumshika

Mwache uwanjani, kaa kivulini nusu saa. Anazunguka kulia au kushoto? Mara nyingi mbuzi huzunguka kuelekea upande wenye kifuko, na jicho la upande wa pili ndilo linalopofuka. Kama hazunguki bali anayumba kama mlevi, ananyanyua miguu juu mno na kuanguka, kifuko kinaweza kuwa nyuma, chini ya kisogo. Kama kichwa ni kizima ila miguu ya nyuma imelegea, huenda kipo kwenye uti wa mgongo.

Kisha mshike. Peleka kiganja taratibu karibu na jicho moja, bila kupepea hewa, uone kama atapepesa. Rudia jicho la pili. Mpime joto kwa kipimajoto njia ya haja kubwa, asubuhi akiwa kivulini, kwa sababu mbuzi aliyekimbizwa juani atakudanganya. Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 38.5 na 40. Halafu pitisha kidole gumba juu ya fuvu, nyuma ya pembe na kati yake. Kifuko kikikaa muda mrefu karibu na juu, mfupa hulainika, na mbuzi hushtuka ukibonyeza. Bonyeza kidogo tu.

Andika ulichoona. Daktari wa mifugo atakayekuja kesho ataamini zaidi karatasi yako kuliko kumbukumbu yako.

Hatua ya pili: hakikisha si kitu kingine

Hapa ndipo pesa na mbuzi hupotea bure, kwa hiyo usipite haraka.

Kizunguzungu cha polepole hakina homa. Kama kipimajoto kimeonyesha 41 na mbuzi alikuwa mzima jana, anatafunatafuna bila kitu mdomoni, anatembea akinyanyua miguu kama farasi wa maonyesho, kisha analala ubavu anapiga miguu hewani, fikiria maji moyo. Huo huletwa na kupe wakubwa wenye rangi rangi mgongoni, na unaua ndani ya siku chache. Sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, husaidia ikiwahi, siku ya kwanza homa inapopanda. Ikichelewa haifui dafu. Mwite mtaalamu siku hiyo hiyo.

Kama mbuzi amepofuka macho yote mawili ghafla, shingo imepinda nyuma anatazama mbinguni, na juzi ulimbadilishia chakula ukampa pumba au mahindi mengi, huenda amepungukiwa vitamini B1. Huyu akichomwa sindano ya B1 mapema anaweza kuinuka siku hiyo au kesho yake. Kumchinja kwa kudhani ana kifuko ni hasara ya bure.

Kama anapiga chafya, kamasi nzito zinamtoka na anatikisa kichwa, huenda ni funza wa puani. Hao ndio ivermektini inaowaua. Kwa tegu, na kwa kifuko chake kichwani, ivermektini haifanyi kitu, hata ukichoma chupa nzima. Laiti ningejua hili mapema.

Kama uso umelegea upande mmoja, sikio limeanguka na udenda unatoka upande huo, daktari atafikiria ugonjwa wa bakteria unaopanda kwenye ubongo. Mbuzi aliyekakamaa mwili mzima, masikio wima na mkia umenyooka, ana pepopunda.

La mwisho ni kichaa cha mbwa. Mbuzi aliyebadilika tabia, analia kwa sauti isiyo yake, anadondosha mate, hamezi, au unajua aliumwa na mbwa, usimtie mkono mdomoni, usimchinje, usimle. Mfunge mbali na watu, mpigie afisa mifugo. Mate yake yakikugusa kwenye kidonda au mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hujisikii mgonjwa.

Hatua ya tatu: amua

Una njia tatu, na kwa wafugaji wengi wa huku ni moja tu inayolipa.

Dawa za minyoo kama albendazoli na prazikwanteli zinaweza kuwaua vijidudu vikiwa bado vichanga. Kifuko kikishakua hazitegemewi, na kinapokufa ndani ya ubongo kinaweza kuongeza uvimbe. Ndiyo maana daktari huambatanisha dawa ya kupunguza uvimbe, na ndiyo maana hupaswi kumnywesha mwenyewe vipimo maradufu. Albendazoli usimpe jike aliye kwenye mwezi wa kwanza wa mimba.

Upasuaji upo. Daktari hutoboa fuvu juu ya kifuko, hufyonza maji na kukitoa. Kikiwa juu juu na mbuzi bado ana nguvu, wengi hupona. Ukiwa na beberu wa mbegu au mbuzi wa maziwa uliyemnunua kwa bei kubwa, uliza gharama. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kuanza naye. Hapa mkoani tuna bahati ya kuwa na wataalamu wa mifugo Buhuri, kilipo chuo cha mafunzo ya mifugo cha LITA na watafiti wa mifugo wa TALIRI, na Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Tanga. Nasisitiza: ni kazi ya daktari. Usimtoboe mwenyewe, wala usimchome kichwa kwa chuma cha moto.

Njia ya tatu ni kumchinja mapema kabla hajakonda. Mbuzi mwenye kizunguzungu cha polepole, asiye na homa, ambaye hakudungwa dawa karibuni, nyama yake inalika baada ya mkaguzi wa nyama kuipitia. Mwambie mkaguzi ukweli, kwa sababu kwa mbuzi vifuko huweza kukaa hata kwenye misuli. Kama alipewa dawa, subiri siku zilizoandikwa kwenye chupa. Asipoweza kusubiri, azikwe.

Kuna jambo la Idd ambalo naulizwa sana. Mnyama ambaye ugonjwa wake uko wazi, au jicho lake limepofuka waziwazi, hafai kwa udhiya. Basi usimbakize mbuzi anayezunguka ukimsubiria Mfungo Tatu, mwezi wa Idd ya kuchinja. Mchinje kwa kitoweo, umtafute mzima kwa ibada.

Hatua ya nne: kichwa

Tandika mfuko wa nailoni au majani ya mgomba chini kwanza, maana kifuko kikipasuka maji yake hayatakiwi kusambaa mahali mbwa anaporamba. Fukuza mbwa na uwafunge. Pasua fuvu kwa shoka katikati, toka kati ya pembe kwenda puani, polepole.

Ukikuta kifuko utakijua. Ni kama puto jembamba lililojaa maji safi, saizi ya harage mpaka yai la kuku, na kwenye ngozi yake ya ndani kuna vidoa vyeupe vimekusanyika mafungu mafungu, kama chenga za mchele. Hesabu haina maana, ni mamia. Kila kidoa ni kichwa cha tegu mmoja. Mbwa akila kifuko kimoja, vidoa hivyo vinajishika kwenye utumbo wake, na baada ya wiki sita hivi anaanza kumwaga mayai kwenye malisho yako. Niliposhikishwa kifuko mkononi na kuonyeshwa vidoa vile, nilimtazama mbwa wangu nikanyamaza.

Sasa kiteketeze. Kubabua kichwa kwenye moto kwa ajili ya kutoa manyoya hakutoshi: nje kinaungua, ndani ubongo bado ni mbichi. Kipasue kwanza, ndipo ukiweke kwenye moto wa kuni kavu mpaka kiwe majivu. Kama kuni ni tabu, chimba shimo la mita moja, tia, funika kwa mawe na miiba kabla ya udongo, kwa kuwa mbwa wa huku wanafukua. Ubongo peke yake unaweza kuutumbukiza kwenye choo cha shimo kinachotumika. Uti wa mgongo nao ufuate njia hiyo hiyo.

Kina mama wanaopika supu ya kichwa huniuliza kama wameshakula ugonjwa. Hapana. Kifuko hakimwambukizi mtu anayekila, na supu iliyochemka saa kadhaa haina kitu kilicho hai. Binadamu huambukizwa kwa kumeza mayai yaliyotoka kwa mbwa. Hutokea kwa nadra, lakini hutokea, na tegu akikulia kwenye ubongo wa mtoto ni balaa. Kwa hiyo watoto wanaocheza na mbwa wanawe kwa sabuni kabla ya kula, na mchicha unaolimwa karibu na zizi uoshwe vizuri.

Siku za Idd na siku za harusi ndizo za hatari kuliko zote. Vichwa vinapasuliwa kila uwanja kwa siku moja, na mabaki yanaachwa nyuma ya nyumba. Kabla ya kuchinja, chimbeni shimo moja la mtaa mzima na mumpe kijana mmoja kazi ya kulilinda mpaka lifukiwe. Machinjioni vilevile: muulize mchinjaji bongo mbovu zinakwenda wapi. Akisema "wale mbwa pale wanasafisha", umeujua mlango ugonjwa unapoingilia.

Hatua ya tano: mbwa

Pwani wengi watasema, "Mimi sifugi mbwa, ni najisi." Kweli, lakini mbwa wa jirani na wale wa mtaani hawana mpaka, na mbweha naye hubeba tegu huyo huyo. Asiye na mbwa anahitaji hatua hii kama mwenye mbwa watano, ila yeye ataifanya kwa maneno: kwa mchungaji anayepita na mifugo yake, na kwenye mkutano wa kijiji.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa. Vidonge vya mbwa vya miligramu 50 ni rahisi: kidonge kimoja kwa kilo kumi. Mpime kwa kumbeba: panda kwenye mizani peke yako, panda tena ukiwa naye, toa. Mbwa wa kilo 20 anapata viwili, wa kilo 15 kimoja na nusu. Usichukue vile vya kichocho wanavyopewa wanafunzi. Hivyo ni vya miligramu 600, dozi ya mbwa wa kilo 120, na huwezi kuvikata kwa usahihi. Kitoto cha mbwa kisichofikisha wiki nne kisipewe. Ficha kidonge kwenye tonge la ugali lenye dagaa, na usiondoke mpaka umeona amemeza.

Baada ya dawa mfunge siku mbili kamili. Hili ndilo watu wanaloruka. Dawa inaua tegu lakini haiui mayai, na siku hizo mbili mbwa anatoa tegu aliyekufa akiwa amejaa mayai mabichi. Ukimwachia aende machungani, umeyamwaga mwenyewe kwenye malisho. Zoa kinyesi chote kwa koleo, kitie chooni au kichome, kisha nawa.

Rudia kila baada ya wiki sita wakati ugonjwa bado unaonekana zizini, maana huo ndio muda ambao tegu mpya anahitaji ili aanze kutoa mayai. Prazikwanteli inawaua pia tegu wengine wanaotoka kwa mbwa: yule anayeacha vifuko vinavyoning'inia tumboni mwa mbuzi, na yule wa vifuko vya maini na mapafu, ambaye kwa binadamu ni hatari kuliko huyu wa kizunguzungu.

Tafadhali usimuue mbwa wako. Niliambiwa nimpige risasi au nimpe sumu, nikakataa. Usiku wa Mkinga una fisi na wezi, na mbwa hakujilisha ubongo ule. Mfunge mchana, mpikie chakula chake, nyama na mifupa ya kichwa mpe baada ya kuchemka hata katikati.

Hatua ya sita: vitoto na malisho

Mayai hupenda kivuli na unyevu. Jua kali na ukavu huyamaliza mapema. Kwa hiyo baada ya masika, majani mabichi ya kando ya mto na chini ya minazi, mbwa wanapolala mchana, yasiwe malisho ya vitoto vinavyoanza kula majani. Vifungie kwenye banda lenye sakafu ya fito iliyoinuliwa, kata majani mbali na njia za mbwa, na maji yawe kwenye chombo kilichoinuliwa ambacho mbwa hafikii.

Ukinunua mnadani, mkague kama nilivyoeleza hatua ya kwanza, lakini jua kwamba mbuzi anayeonekana mzima leo anaweza kuwa na kifuko cha saizi ya harage. Muulize muuzaji kama kwake kuna mbuzi waliozunguka. Ukienda kwa heshima, "Shikamoo mzee, huko kwenu kizunguzungu kipo?", wengi watakujibu kweli.

Wapi utavunjika moyo

Utafanya yote haya, mbwa watakunywa dawa, vichwa vitachomwa, na mwezi wa tatu mbuzi mwingine ataanza kuzunguka. Jirani atasema dawa haifanyi kazi. Huyo mbuzi alimeza mayai kabla hujaanza. Kifuko kilikuwa kinakua kimya muda wote ulipokuwa unahangaika. Hesabu miezi minane tangu siku ya dozi ya kwanza ya mbwa, uiandike ukutani kwenye banda, na katikati ya muda huo usiruke hata dozi moja ya wiki sita.

Kwangu wawili walizunguka baada ya kuanza, wa mwisho mwezi wa tano. Kichwa chake nilikichoma mwenyewe, mbwa amefungwa kwenye mwembe ananitazama.